Kazi ya Miguu

Mwanzoni mwa 2017, mwalimu wa densi kutoka Nairobi alikuwa mmoja wa walimu kumi waliobaki kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya mwalimu bora duniani, ile ya Varkey Foundation inayotoa dola milioni 1. Anaitwa Michael Wamaya, na somo lake ni baleti. Ndiyo, ile ile: vidole vya miguu vimenyooka, mgongo kama mwanzi, muziki wa fidla nyingi. Aliwafundisha watoto wa Kibera na Mathare. Tuzo hiyo ilimwendea Maggie MacDonnell, mwalimu wa Kanada. Miaka miwili baadaye, 2019, Mkenya mwingine akaibeba kabisa: Bruda Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro, mwalimu wa hesabu na fizikia.

Nilifanya utafiti wangu usio rasmi pale steji ya matatu za Nairobi mjini Nyeri, gari likikataa kujaa. Nikawauliza makanga na abiria wawili kama wanamjua Peter Tabichi. Wakamjua. "Si yule bruda wa Nakuru aliyeshinda pesa akawapa maskini?" Nikauliza je, Michael Wamaya? Kimya. Makanga akajaribu: "Huyo ni MCA wa wapi?"

Siwacheki. Mwalimu wa hesabu unaweza kumweleza jirani kwa neno moja. Mwalimu wa baleti lazima kwanza ueleze baleti ni nini, halafu ueleze imekuwaje ni mwanamume, halafu ueleze analipwa na nani, na ukifika hapo jirani ameshaenda zake kukamua ng'ombe.

Nimelibeba jambo hili tangu mwaka jana kwa sababu ya binamu yangu wa Karatina. Alikuwa Gredi ya 9, na wale wa Gredi ya 9 ndio walikuwa wa kwanza nchini kuchagua njia watakayofuata sekondari ya juu. Njia ni tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hesabu, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kijana akasema anataka ya tatu. Ndani ya hiyo ya tatu kuna somo linaloitwa Muziki na Densi, na ndilo alilolitaka. Baba yake, yaani mjomba wangu, ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa misumari na mabati. Alinipigia simu si kuniuliza maoni, bali kunipa onyo.

"Wewe ulifika chuo ndio ukaacha," akaniambia. "Huyu anataka kuacha kabla hajaingia. Usimpe kichwa."

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, na tangu hapo nakula kwa kuandika: makala za watu wengine, maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni, mara moja hotuba ya mtu aliyekuwa anaoa. Kwetu jina langu hutumika kama kibao cha barabarani cha kuonya kona. Nimezoea. Lakini simu ile ilinifanya nitafute kujua: mwanamume akiichukua miguu yake akaifanya kazi, anaishia wapi?

Wamaya, kabla ya kuwa mwalimu, alicheza kwa malipo. Alizunguka nje ya Kenya akicheza jukwaani, kisha akarudi nyumbani na kuanza kufundisha na Anno's Africa, shirika la Uingereza lililopewa jina la Anno Birkin, kijana mshairi na mwanamuziki aliyefariki 2001. Shirika hilo hupeleka walimu wa sanaa kwenye shule za mitaa ya mabanda. Ukitazama picha za darasa lake la Kibera, hasa zile alizopiga Fredrik Lerneryd wa Uswidi, utaona chumba cha shule cha kawaida kabisa. Madawati yametolewa nje. Kuta tupu. Watoto wako peku, mikono juu, na nuru inaingia kwa dirisha dogo.

Kitu kisichokuwepo kwenye picha hizo ndicho kilichonishika. Hakuna kioo. Studio ya baleti popote duniani ina ukuta mzima wa kioo, na ina fimbo ndefu ya kushikilia ukutani, ambayo huitwa baa. (Najua. Mwambie mjomba wangu kwamba kijana wake anashinda kwenye baa uone moto.) Kioo ndicho kinachokuonyesha kwamba nyonga imeinuka, bega limepanda, goti halijanyooka. Mahali pasipo na kioo mtoto hana njia ya kujiona. Anaonekana na mwalimu tu. Mwalimu anapita kati ya mistari, anagusa kiwiko, anashusha bega, anageuza paja litazame nje kutoka kwenye kiungo cha nyonga na si kutoka kwenye goti, kwa sababu ukilazimisha goti utaliharibu. Hiyo huwezi kuifanya kwa kusoma kitabu. Lazima uwe umeifanya kwa mwili wako mara elfu nyingi, na mtu mwingine awe alikugusa kiwiko kabla yako.

Joel Kioko alianzia kwenye chumba kama hicho. Ni kijana wa Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio pale Karen, Nairobi. Darasa lake la kwanza la densi lilikuwa katika shule ya umma, hakuna baa, hakuna kioo, madawati nje. Baadaye akafundishwa na Cooper Rust, mcheza baleti wa Marekani aliyehamia Nairobi na kuanzisha Dance Centre Kenya. Kioko akapata nafasi ya kujifunza Marekani, akarudi likizo ya Krismasi kucheza peke yake jukwaani katika The Nutcracker jijini Nairobi, kisha akaingia English National Ballet School, London. Magazeti yaliandika sana kuhusu safari yake, na mtaa wa mabanda ulitajwa katika kila aya. Walimu walitajwa kidogo.

Nilimpelekea mjomba habari hizi nikidhani nimembana. Akanijibu kwa sentensi moja: "Hiyo ni densi ya wasichana."

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alianzisha chuo cha densi mjini Paris mwaka 1661. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji, tena wa kujionyesha. Mwalimu wake, Pierre Beauchamps, ndiye anayetajwa kuwa alizipanga zile namna tano za kuweka miguu ambazo kila mtoto wa baleti huanza nazo hadi leo, Kibera ikiwemo. Jukwaani walikuwa wanaume, na hata nafasi za wanawake zilichezwa na wanaume waliovaa barakoa. Wanawake wa kulipwa walipanda jukwaa la Opera ya Paris kwa mara ya kwanza 1681, miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyeingia kwenye densi hii kwa kuchelewa, si mwanamume.

Lakini Paris ni mbali na Karatina, na mjomba hanunui kitu cha Paris. Nikamletea cha kwao.

Baba yake, yaani guka wangu, alikuwa mcheza mwomboko. Ipo picha yake nyumbani kwa cucu: koti, kofia, mkono mmoja kiunoni mwa mwanamke ambaye cucu anasema si yeye, na kila akisema hivyo anacheka. Mwomboko hauchezwi na mtu mmoja. Ni wawili wawili, hatua mbili kisha mnainama, kodioni inavuta, na kile kibangili cha chuma, karing'aring'a, kinapigwa kuwashikia mwendo. Uliibuka Ugikuyuni miaka ya 1940, na wanaoijua historia yake husema wazi kwamba ulichota kwenye densi za Wazungu, za Waskoti hasa, walizoziona vijana wetu kwa masetla na jeshini. Kodioni yenyewe ilitoka Ulaya. Leo tunauita utamaduni, wazee wanauchezea wageni wa heshima, na hakuna anayemuuliza mzee wa Mukurwe-ini kwa nini anacheza hatua za Scotland.

Na densi haikuwa mchezo tu hapa kwetu. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni iliipiga marufuku muthirigu, ngoma iliyokuwa ikiwaimba vibaya wamishonari na machifu wao. Watu walifungwa kwa sababu ya kucheza na kuimba. Serikali haihangaiki na kitu kisicho na nguvu.

Nilimwambia mjomba: Guka alijifunza hatua za Mzungu akazifanya zake, na hakuna aliyemwita msichana. Akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Guka alikuwa na shamba. Mwomboko ulikuwa wa Jumamosi."

Hilo sikuwa na jibu lake haraka, na bado naona ndilo swali lenyewe. Suala la wasichana lilikuwa kisingizio. Anachoogopa mjomba ni siku ambayo mwili utakataa.

Mwili hukataa kweli. Mchezaji wa baleti huanza utotoni, na wengi huwa wameshuka jukwaani wakifika miaka thelathini na kitu, arobaini kwa mwenye bahati. Mwanamume ana mzigo wake zaidi: yeye ndiye anayeinua wenzake, yeye ndiye anayetazamiwa kuruka juu kabisa, na kila alichokiruka lazima akitue. Kifundo cha mguu, goti na kiuno vinaweka hesabu. Umri ambao wakili anaanza kuheshimiwa ndio umri ambao mcheza densi anatafuta la kufanya.

Kwetu neno la kinachofuata tunalo, na si neno zuri. Mtu akirudi kutoka alikokuwa akicheza, akaanza kufundisha, tunasema "ameishia kufundisha". Ameishia! Kama kwamba barabara ilikatika akakuta shule.

Mtazame Enrico Cecchetti. Alizaliwa Roma 1850, mtoto wa wacheza densi. Januari 1890, huko Saint Petersburg, alipanda jukwaani katika onyesho la kwanza la Mrembo Aliyelala la Tchaikovsky akacheza nafasi mbili: ndege wa buluu anayerukaruka hewani, na kichimbakazi mbaya. Alikuwa na miaka 39. Angeweza kukumbukwa kwa hilo tu, na pengine asingekumbukwa na wengi. Lakini alifundisha. Anna Pavlova alipita mikononi mwake. Nijinsky alipita mikononi mwake. Akafungua shule London, kisha akarudi Italia akafundisha Milan hadi alipofariki 1928. Namna yake ya kufundisha, iliyopangwa siku kwa siku, Jumatatu haya, Jumanne yale, ingali inatumika. Miruko yake ilikwisha zamani. Wanafunzi wa wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanaruka.

Au Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyejiunga na New York City Ballet 1955 na kufika ngazi ya wachezaji wakuu wakati ambao nafasi hiyo haikuwahi kupewa mtu mweusi pale. Martin Luther King alipouawa 1968, Mitchell aliamua kurudi Harlem alikokulia. Mwaka 1969, pamoja na mwalimu wake wa zamani Karel Shook, akaanzisha Dance Theatre of Harlem. Masomo ya mwanzo yalifanyikia kwenye gereji. Aliacha milango wazi ili wapita njia watazame, na wavulana waliposhindwa kuvaa zile suruali za kubana aliwaruhusu waje na jinzi zilizokatwa. Naipenda hiyo ya jinzi. Ni akili ya mwalimu, si ya nyota.

Baleti haina andiko kama wimbo ulivyo na noti. Mifumo ya kuandika hatua ipo, lakini hatua zenyewe husafiri kutoka mwili hadi mwili. Anayezijua asipomwonyesha mwingine, zinazikwa naye. Ndiyo maana siwezi kukubali neno "ameishia". Ukimwondoa mwalimu, hakuna kazi ya densi ya kusema iliisha au haikuisha.

Haya yote ni ya watu wakubwa. Pale Karatina kuna mdogo, jina nalihifadhi. Ni jamaa wa miaka 34. Alicheza kwenye mahoteli ya Pwani kwa miaka minane, akiwaburudisha watalii usiku na kulala mchana. Katikati alipumzika Nairobi miaka miwili, na huko ndiko alikoingia darasa la baleti la jioni la watu wazima, akiwa mwanamume pekee. Goti likamrudisha nyumbani. Sasa hufundisha timu za shule. Muhula wa kwanza ni tamasha la drama, lenye ngoma bunifu na densi ya kisasa. Muhula wa pili ni tamasha la muziki, lile ambalo limekuwepo tangu 1927. Muhula wa tatu hakuna tamasha, kwa hiyo anaendesha boda.

Nilienda kumtazama Jumamosi moja, kwenye ukumbi wa shule sitakayoitaja. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nyeri inayoingia hadi kwenye meno, na sakafu ilikuwa simiti. Kabla ya kitu chochote aliwazungusha ukumbini dakika ishirini nzima mpaka wakatoa jasho. Simiti hairudishi chochote, akanieleza. Studio nzuri huwa na sakafu ya mbao yenye nafasi chini ili iteme kidogo mtu akitua. "Hapa mguu wenyewe ndio sakafu."

Kisha akawapanga wavulana kumi na wawili, binamu yangu akiwa wa tatu kutoka ukutani, akawaambia waruke. Akafumba macho. Nilidhani amechoka. Kumbe anasikiliza. "Nimesikia magunia manne," akasema. Wakacheka. "Vidole kwanza, halafu ule mto wa wayo, halafu kisigino, halafu goti linakunjika juu ya vidole. Usianguke. Tua." Wakaruka tena. Magunia mawili. Tena. Moja. Alimfuata yule wa gunia, akapiga goti moja mbele yake, lile zima, akashika kisigino chake kwa mikono miwili na kukishusha polepole hadi chini kama mtu anayeweka yai kwenye trei. Kijana akaruka. Kimya kabisa.

Niliona kitu kingine siku hiyo. Kwenye karatasi ya tamasha, mahali pa mkufunzi wa timu, palikuwa na jina la mwalimu mwajiriwa wa shule ambaye hata ukumbini hakuwemo. Jamaa yetu hana cheti cha ualimu, ana cha kidato cha nne tu. Analipwa kutoka kwa mchango wa wazazi, "nauli na kidogo juu yake," tena timu ikitolewa mapema hiyo kidogo hupungua. Nikamuuliza kama inamuuma. Akaniambia inamuuma, ndiyo, lakini kinachomtisha ni jambo jingine: sasa densi imekuwa somo la serikali, litahitaji mwalimu wa serikali.

Nimelizungusha hilo kichwani sana. Somo la Muziki na Densi limeandikwa kwenye mtaala. Njia yenyewe haipo katika kila shule. Nyingi zina zile mbili za kwanza tu. Pale ilipo, nani atasimama mbele ya darasa? Sijawahi kuona tangazo la TSC linalotafuta mtu anayejua kutua. Walimu wa muziki wapo, wengine wazuri sana, lakini kinanda na goti ni vitu viwili. Watu wanaoijua densi kwa miili yao wametawanyika: mahotelini, makanisani, kwenye boda. Wengi wao waliacha shule ili wacheze, kwa sababu mwili haungoji umalize digrii. Tukiwafungia mlango kwa kukosa karatasi, watoto watafundishwa densi ubaoni, kwa chaki, na watapata alama nzuri.

Ninajua nazungumza kama mtu asiye na karatasi mwenyewe. Sisemi cheti ni takataka. Mtu anayeshika mguu wa mtoto wa watu lazima achunguzwe, ajue mifupa inavyokua, ajue mpaka wa mkono wake. Nasema iwepo njia ya kumpima anayejua tayari. Kama fundi wa nyaya anavyoweza kupimwa kwa kazi aliyoijifunza mtaani na kupewa cheti chake, mcheza densi naye apimwe: mpe wavulana kumi na wawili na ukumbi wa simiti, ufumbe macho usikilize.

Mjomba alikuja kutazama mwishoni mwa Julai. Hakuambiwa na mimi. Cucu ndiye aliyemtuma. Alisimama mlangoni na koti lake la duka, funguo mkononi, hakuketi. Walipomaliza alimwita yule jamaa kando na nikasikia akimuuliza goti lake linatibiwa wapi na kwa shilingi ngapi. Wakaongea kwa muda mrefu. Halafu akauliza kama mbao za sakafu hiyo ya kutema ni za misonobari au za mkaratusi, na unene wake ni inchi ngapi.

Fomu ilijazwa. Kijana aliandika Sanaa na Sayansi ya Michezo, na shule aliyoipata iko upande wa pili wa mlima, Meru huko, kwa kuwa za karibu zenye njia hiyo zilijaa. Amebeba raba mbili. Aliniandikia wiki iliyopita kwamba mwalimu wao wa somo hilo ni wa muziki, mtu mpole, na amewaambia ukweli kwamba upande wa densi watajifunza pamoja. Jumamosi wanafungua ukumbi. Yeye ndiye anayewaonyesha wenzake jinsi ya kutua.